Binti ananishinda chemshabongo: je, kichwa changu kimeanza kuchoka?

*Swali: Nina miaka 54, ni mtunza stoo Kariakoo na ninaishi Kimara. Kwenye grupu la familia kila jioni mtu anatupia chemshabongo. Binti yangu wa kidato cha pili hujibu kabla sijamaliza kusoma swali. Mimi nahangaika, nachungulia jibu, na wiki ijayo likija swali lile lile limebadilishwa tarakimu nakwama tena. Mama yangu alipoingia umri wa miaka ya sabini alianza kusahau, mwisho akasahau hata majina yetu. Nimepakua programu ya kukuza akili, naicheza kwenye mwendokasi asubuhi na jioni. Pointi zinapanda, lakini mafumbo ya grupu bado yananishinda. Je, kichwa changu kimeanza kuchoka? Mafumbo yanaweza kunikinga na yaliyompata mama? Na kuchungulia jibu ni kosa?*

Kaka yangu, maswali yako ni matatu lakini hofu ni moja: kwamba kasi ya binti yako inapima akili yako, na akili hiyo inafuata njia ya mama. Tuanze hapo. Kuchelewa kujibu chemshabongo, peke yake, si dalili ya ugonjwa wa kusahau. Dalili zenyewe zipo na nitazitaja huko mbele, ila hakuna hata moja inayohusu nani kawahi kuandika jibu kwenye simu.

Binti anakutangulia kwa sababu za kawaida kabisa. Kasi ya ubongo kushughulikia jambo jipya huanza kushuka polepole tangu mtu akiwa bado kijana, na kufika miaka 54 tofauti na mtoto wa sekondari inaonekana wazi. Wakati huo huo, msamiati na maarifa ya maisha huendelea kuongezeka kwa miaka mingi. Chemshabongo za kwenye simu hutuza kile kinachopungua na hazigusi kile kinachoongezeka. Pia yeye yuko darasani, hesabu anazifanya kila siku. Na kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii: huenda binti halifumbui fumbo, analikumbuka tu. Mafumbo haya huzunguka sana. Lile la mtu mwenye chui, mbuzi na majani anayetaka kuvuka mto kwa ngalawa ndogo inayobeba kimoja tu kila safari, bila kumwacha chui na mbuzi wala mbuzi na majani, lina ndugu yake kwenye mkusanyo wa Kilatini unaohusishwa na mwanachuoni Alcuin wa York, wa karne ya 8. Likikufikia jioni Kimara, kuna uwezekano mkubwa lilishapita grupu la darasa lao mchana.

Kosa jingine ni kudhani mafumbo yote yanapima kitu kimoja. Hayako hivyo, na ukishajua uko mbele ya aina ipi, nusu ya mahangaiko inaisha.

Chukua kitendawili cha jadi. "Kuku wangu katagia mwibani." Hapa hakuna hesabu wala mantiki ya hatua kwa hatua. Kinachotakiwa ni kuondoa majina na kubakiza umbo na mahali: kitu cha mviringo kimekaa katikati ya miiba. Aliyeona nanasi likiwa shambani Kiwangwa atasema nanasi mara moja. Aliyezoea kuliona limekatwa vipande, limewekwa kwenye kikombe cha plastiki kando ya barabara, hata awe na akili namna gani atatoa mji. Vivyo hivyo "Nina nyumba kubwa ina nguzo moja": jibu lililozoeleka ni uyoga, ingawa mtoto akisema mwavuli hajakosea kimantiki, na mimi ningempa alama. Kwenye uwanja huu wewe ndiye unayepaswa kumsumbua binti. Mtegee vitano jioni moja uone.

Kuna maswali ya hila. "Basi limepata ajali mpakani Namanga, manusura wazikwe upande gani?" Manusura hawazikwi. Haya hupima kama umesoma kila neno, basi. Ubongo ukishasikia ajali na mpaka hujijazia wenyewe neno lililozoeleka, ukaona marehemu mahali palipoandikwa manusura. Dawa yake ni kusoma swali mara mbili, mara ya pili kwa sauti, ukisimama kwenye kila nomino. Ukikosea, cheka uendelee.

Zile picha za matunda yanayosimama badala ya namba nazo zina mitego miwili ya kudumu. Wa kwanza uko kwenye picha: ndizi zilizoshikana juu ni nne, mstari wa mwisho zimewekwa tatu, na mtunzi anategemea usihesabu. Wa pili uko kwenye mpangilio wa vitendo vya hesabu. Wote tulifundishwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni msaada mzuri, ila wengi huushika kama kwamba kujumlisha lazima kutangulie kutoa. Si kweli. Kugawanya na kuzidisha vina daraja moja, kujumlisha na kutoa vina daraja moja, na vyenye daraja moja hufanywa kuanzia kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo 10 − 4 + 3 ni 9. Anayejumlisha 4 na 3 kwanza anapata 3 na kugombana na grupu zima. Ama lile la 8 ÷ 2(2 + 2) linalofufuka kila mwaka, usipoteze usiku kwalo. Ukifuata kushoto kwenda kulia unapata 16, ukilichukua 2(4) kama kitu kimoja unapata 1, na lawama ni ya aliyeandika bila mabano ya kutosha.

Kisha yapo mafumbo ya jibu la haraka. Daftari na kalamu kwa pamoja ni shilingi 1,100. Daftari limezidi kalamu kwa shilingi 1,000. Kalamu bei gani? Kichwa cha karibu kila mtu hupiga kelele: 100! Sasa hakiki. Kalamu ikiwa 100, daftari lenye kuzidi kwa 1,000 litakuwa 1,100, jumla 1,200. Haikubali. Kalamu ni 50 na daftari 1,050. (Kariakoo hupati kalamu ya shilingi 50, najua, lakini fumbo halijali bei ya sokoni.) Swali la muundo huu, lenye gongo na mpira badala ya daftari na kalamu, lilitumiwa na Shane Frederick mwaka 2005, na wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya Marekani vyenye sifa kubwa walikosea. Walijua kutoa na kujumlisha. Walichokosa ni kurudisha jibu kwenye swali na kuona kama linakaa. Hiyo ni kazi ya sekunde kumi, nawe unayehakiki hesabu ya mzigo kabla ya kusaini unaijua kuliko wao. Ilete kwenye mafumbo.

Aina ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa zaidi, na nadhani ndiyo inayokukwamisha likibadilishwa tarakimu. Hebu tuifanye moja kwa utaratibu.

Una dumu la lita 5 na dumu la lita 3. Bomba lipo, hakuna alama yoyote ya kipimo. Pata lita 4 kamili. Usifanye kichwani, chukua karatasi, gawanya safu mbili, kushoto dumu kubwa, kulia dumu dogo, na kila ukifanya kitendo andika kilichomo. Jaza kubwa: 5 na 0. Mimina kwenye dogo mpaka lijae: 2 na 3. Mwaga dogo: 2 na 0. Hamishia zile mbili kwenye dogo: 0 na 2. Jaza kubwa tena: 5 na 2. Sasa dogo lina nafasi ya lita moja tu, limalizie kutoka kwenye kubwa: 4 na 3. Umepata.

Watu wengi hukwama kwenye hatua ya tatu, pale pa kumwaga. Mtu aliyezoea mgao wa maji, anayejua dumu linauzwaje mtaani bomba likikauka, mkono unasita. Lakini soma tena: swali halikukataza kumwaga. Katazo umeliweka mwenyewe. Kwenye fumbo la chui na mbuzi kikwazo ni cha ukoo huo huo. Unavusha mbuzi, unarudi mtupu, unavusha chui, halafu lazima umrudishe mbuzi ulikomtoa, uvushe majani, urudi mtupu, ndipo umchukue mbuzi mara ya pili. Safari saba. Anayekwama amejiambia kimoyomoyo kwamba kilichokwisha vuka hakirudi, ingawa hakuna aliyesema hivyo.

Kazi kubwa katika mafumbo ya aina hii, basi, ni kutafuta sharti ulilojitungia. Ukikwama zaidi ya dakika tano, acha kusukuma. Andika safu tatu: nilichopewa, ninachotakiwa kupata, na ninachodhani kuhusu vitu hivi. Safu ya tatu andika hata mambo ya kipuuzi: "maji hayamwagwi", "dumu lazima lijae", "kilichovuka hakirudi". Halafu rudi kwenye maneno ya swali na ukate kila kisichoandikwa humo. Mara nyingi njia hufunguka hapo hapo.

Mazoea ya njia nayo ni mtego. Mwaka 1942 Abraham Luchins aliwapa watu mafumbo ya vyombo vya maji. Kwa mfano, vyombo vya ujazo wa 21, 127 na 3, upate 100: unajaza cha 127, unatoa 21, unatoa 3 mara mbili. Mafumbo kadhaa yalifuata njia hiyo hiyo. Kisha akawapa vyombo vya 23, 49 na 3, wapate 20. Njia ndefu inafanya kazi, 49 utoe 23, utoe 3 mara mbili. Lakini 23 utoe 3 tu ni 20, imekwisha. Wengi hawakuiona njia fupi, huku watu ambao hawakupitishwa kwenye yale ya mwanzo waliiona bila shida. Uzoefu uliwafumba macho. Kwa hiyo ukipata jibu usifunge karatasi haraka, jiulize kama ipo njia nyingine.

Nije kwenye kuchungulia. Si dhambi, ila kuna kuchungulia kunakojenga na kunakobomoa. Mwaka 1978 Norman Slamecka na Peter Graf walionyesha kuwa neno ambalo mtu amelizalisha mwenyewe hulikumbuka vizuri kuliko alilolisoma tu. Jibu ulilolipigania hushika, ulilosomewa hupita. Wazee wetu walilipanga hili vizuri kwenye vitendawili: ukishindwa unaombwa mji, unautoa, mtegaji anajitapa kidogo jinsi alivyokaribishwa huko, ndipo anafichua. Hupewi jibu bure, na hupewi kabla hujajaribu. Kwenye simu jibu liko chini kidogo tu ya kidole, na hapo ndipo hasara ilipo.

Fanya hivi. Jaribu kwa dakika kumi, ukiwa na karatasi. Ukikwama, weka pembeni ulale nalo. Si uvivu huo: mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani waliwapa watu kazi ya tarakimu iliyoficha njia ya mkato, na waliopata usingizi wa usiku waliigundua njia hiyo zaidi ya mara mbili ya waliokesha au waliokaa macho mchana. Kesho jaribu tena dakika tano. Bado? Mwombe binti akupe hatua ya kwanza tu, asikupe jibu. Ukimaliza, au ukishindwa kabisa na kusoma jibu, andika sentensi moja: "Nilikwama kwa sababu nilidhani…" Sentensi hiyo ina thamani kuliko jibu lenyewe.

Sasa kwa nini tarakimu zikibadilika unakwama tena? Kwa sababu umehifadhi jibu, hukuhifadhi njia. Mary Gick na Keith Holyoak walionyesha mwaka 1983 kwamba watu wakipewa mfano mmoja wa tatizo mara nyingi hawautumii kwenye tatizo linalofanana nalo, lakini wakilinganisha mifano miwili na kueleza kinachofanana, uwezo wa kuhamisha njia hupanda. Kwa hiyo kila fumbo lifanye mara mbili. Baada ya madumu ya 5 na 3, chukua la lita 7 na la lita 4, upate 6. Utaona hatua ni zile zile: 7 na 0, 3 na 4, 3 na 0, 0 na 3, 7 na 3, 6 na 4. Halafu jaribu la lita 6 na la lita 4, upate 3. Utajaza na kumwaga mpaka uchoke, hutapata, na sababu utaiona ukitazama karatasi yako: kila namba inayojitokeza ni shufwa. Jaza, mwaga, hamisha, ukianza na 6 na 4 huwezi kuzaa witiri. Kwa lugha ya darasani, kiasi unachotafuta lazima kigawanyike kwa KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya ujazo wa madumu mawili, na kisizidi ujazo wa dumu kubwa kama unakitaka ndani ya dumu moja. Mfikishie binti hilo la 6 na 4 kwenye grupu bila kusema halina jibu. Kujua kwamba fumbo halifumbuki, na kueleza kwa nini, ni daraja la juu kuliko kulifumbua.

Ratiba? Dakika 20, siku tatu au nne kwa wiki, zinatosha. Zaidi ya hapo utachoka na kuanza kuchungulia. Usifanyie kwenye mwendokasi. Akili hushika kwa wakati mmoja mambo mapya manne hivi, na ukiwa umesimama, mkono mmoja juu kwenye bomba, unasikiliza kituo, unalinda mfuko, mawili au matatu yameshachukuliwa. Fumbo la madumu linahitaji yote. Ndani ya basi fanya vitendawili au usome gazeti.

Na usitie vitu vyote kwenye karatasi na simu. Ukitaka zoezi gumu kweli kweli, sogea kijiwe cha bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezo unaanza kila mmoja akiwa na kete 22 mkononi za kunamua, na kete moja unayoingiza inaweza kuzunguka, kula, kuzunguka tena, mpaka ubao wote ubadilike kabla haijalala. Mchezaji mzuri anaiona safari hiyo kichwani kabla ya kushika kete. Drafti ya vizibo vya soda nayo si haba. Faida ya michezo hii juu ya programu ya simu ni mbili: mpinzani anabadilika kila siku, kwa hiyo huwezi kukariri, na unakaa na watu. Hili la pili lina uzito kuliko linavyoonekana, kama utakavyosoma sasa hivi.

Kuhusu kinga. Hapa nitakuambia ukweli hata kama unapunguza utamu. Pointi zako zinapanda kwa sababu umekuwa hodari wa mchezo ule. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Uingereza lenye washiriki 11,430 waliofanya mazoezi ya akili kwenye kompyuta kwa wiki sita. Waliboreka kwenye kila zoezi walilolifanya, lakini uboreshaji haukuhamia kwenye majaribio mengine, hata yale yaliyofanana kwa karibu. Jaribio jingine kubwa la Marekani, lililochukua wazee 2,832 wenye miaka 65 na zaidi na kuchapishwa mwaka 2002, lilionyesha picha inayokaribiana: waliofundishwa kumbukumbu waliboreka kumbukumbu, waliofundishwa kufikiri waliboreka kufikiri. Kwa hiyo kama programu hiyo inakutoza kila mwezi, isimamishe. Hela hiyo nunua daftari.

Utasikia pia kwamba wazee wanaofanya mafumbo hawapati demensia, yaani ule ugonjwa wa kusahau. Ni kweli tafiti nyingi zimekuta wanaosoma, wanaocheza michezo ya ubao na kujishughulisha huugua kwa nadra zaidi kuliko wengine. Ila sababu inaweza kwenda pande zote mbili. Ugonjwa huu huanza kimya miaka mingi kabla haujagunduliwa, na mtu ambaye umeshaanza kumgusa huacha mafumbo kwa kuwa yamemwia magumu. Aliyebaki akicheza anaonekana kakingwa, kumbe yuko pale kwa sababu hajaugua. Wanaochambua mambo haya wanakubali kwamba kuishughulisha akili maisha yote, kuanzia shule, huupa ubongo akiba ya kuhimili madhara kwa muda. Kwamba chemshabongo peke yake huzuia ugonjwa, hakuna aliyethibitisha.

Kinachojulikana kwa uhakika zaidi ni hiki. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya wagonjwa wa demensia duniani wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa. Baadhi yake ni shinikizo la damu, kisukari, lehemu nyingi kwenye damu, sigara, pombe kupita kiasi, unene, kukaa bila mazoezi, sonona, upweke, kusikia au kuona hafifu bila kusaidiwa, na kuumia kichwa. Sasa tazama maisha ya mtunza stoo wa miaka 54. Mara ya mwisho kupima presha ilikuwa lini? Sukari je? Ukiitwa kutoka upande wa pili wa stoo unasikia? Ukipanda bodaboda unavaa kofia ngumu au unaishika mkononi? Dakika tano za kupima presha zinaweza kumfanyia ubongo wako kazi ambayo mafumbo ya mwaka mzima hayataifanya. Shuka kituo kimoja kabla, tembea. Kukaa kijiweni kucheza bao kunagusa upweke. Mafumbo endelea nayo kwa sababu yanapendeza, yanafundisha kuhakiki na kusoma kwa makini, na yanakukutanisha na binti yako. Hizo ni sababu tosha.

Ugonjwa wa mama unaongeza uwezekano wako kiasi, haukuandikii hatima. Demensia inayoanza mtu akiwa na umri wa miaka ya sabini ni ya kawaida na mara nyingi haifuati mstari mmoja wa kurithi. Ingekuwa ndugu kadhaa wameugua kabla ya miaka 65 ningekushauri umwone daktari bila kungoja dalili.

Dalili zenyewe ni hizi. Kupitiliza kituo kwa kuwa uliinamia simu ni jambo la kila mtu. Kusimama Ubungo, njia uliyoipita kwa miaka, ukashindwa kujua nyumbani ni upande upi, si jambo la kila mtu. Kusahau ulipoweka funguo ni kawaida. Kuzikuta ndani ya jiko na usielewe zinafanya nini huko, si kawaida. Angalia kama leja ya stoo uliyoijaza kwa urahisi sasa inakushinda, kama unauliza swali lile lile ndani ya saa moja, kama unalipa mara mbili na hukumbuki, kama maneno ya kawaida yanakupotea kila siku, au kama nyumbani wanasema umebadilika tabia. Mara nyingi wenzako wataona kabla yako, kwa hiyo waulize mke au binti moja kwa moja. Moja kati ya haya likijirudia kwa miezi, nenda. Na kuchanganyikiwa kwa ghafla ni jambo jingine kabisa: mdomo kwenda upande, mkono mmoja kulegea, au maneno kuvurugika ni dharura ya kiharusi, kimbizwa hospitali muda huo huo. Homa ikiandamana na kuchanganyikiwa, usilale nayo.

Huna haja ya kuanzia Muhimbili. Kituo cha afya cha karibu kinatosha kwa hatua ya kwanza, na wao watakuandikia rufaa kwenda Mwananyamala, Amana, Temeke au juu zaidi wakiona haja. Tegemea kupimwa presha, sukari, damu, pengine tezi ya shingo na vitamini B12, na kuulizwa tarehe, kukumbuka maneno machache, au kuchora saa ya mshale. Sababu nyingi za kusahau katika umri wako zinatibika: usingizi mbovu wenye kukoroma na kukatika pumzi, sonona, upungufu wa damu, pombe, na dawa. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, zile zinazonunuliwa duka la dawa bila cheti, zikitumiwa mfululizo hutia ukungu kichwani. Kwa hiyo beba pakiti za kila dawa unayomeza, pamoja na za kienyeji, nenda na mtu unayeishi naye, na andika mapema mifano mitatu ya ulichosahau, lini na wapi. Ukisema "nasahau sana" tu, daktari atakuwa na pa kuanzia padogo mno.